Mutie wa Ubao na Mbuzi wa Mbinya

Ukija Mwingi ukaona bucha imeandikwa MEATOLOGY kwa rangi nyekundu, au kibanda cha fundi viatu kinajiita SHOESPITAL, usimtafute mwenye duka ukampa hongera. Hiyo ni kazi ya Mutie. Ndiye mchoraji wetu wa mabango, na kwa miaka ishirini na ushee ameupaka mji huu Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawajakisikia.

Kibanda chake kimepakana na duka langu la leso na madera. Bati linalotutenga ni moja, na harufu ya rangi yake imeingia kwenye vitambaa vyangu hata wateja wa kutoka Garissa huuliza kama nauza nguo au nauza tina ya kuchanganyia rangi. Kwa hiyo mimi Tima binti Abdulatif, niliyezaliwa hapa na babu zangu wakitokea pwani, namjua Mutie kuliko watu wanaompigia makofi. Sikumpenda, na sioni haya kulisema.

Mbele ya kibanda alitundika ubao mweusi uliokuwa umetupwa na shule. Kila siku ya soko aliandika juu yake neno jipya la Kiingereza alilolitunga mwenyewe, na maana yake chini kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri wenye vivuli. Nitasema haki: mengine yalichekesha. DUSTACHE lilikuwa vumbi linaloota juu ya mdomo wa abiria aliyetoka barabara ya ndani. QUEUESIN alikuwa binamu unayempata ghafla kwenye foleni ya maji, kwa kuwa yuko mbele yako. RAINNESIA ulikuwa ugonjwa wa kusahau njaa yote mara tu mvua ya kwanza ikigusa bati. Hata sisi Waislamu hakutusaza. Wakati wa Idi aliandika PILAUGHTER, kicheko cha mtu anayepita mbele ya nyumba ya Mwislamu mara tatu akisubiri kukaribishwa. Nilicheka hilo, kisha nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepita mbele ya nyumba yangu zaidi ya mara hizo tatu.

Basi watu wakamwita Profesa. Madereva wa malori walisimama kupiga picha ubao. Vijana wa bodaboda walipeleka maneno yake kwenye simu zao. Mji ambao mfereji wake hukauka mwezi mzima ulikuwa na wakati wa kusimama juani kujifunza neno la kuita ukavu wake. Mimi niliwatazama kutoka dukani na kusonya.

Mkewe ni Mbinya. Huyo huuza ndengu na kunde mbele ya duka langu, kwenye kivuli cha bati langu, na hatujawahi kugombana hata siku moja. Ni mwanamke wa maneno machache. Sijui kama alizaliwa hivyo, au kama maneno yote ya nyumba ile yalikuwa yamekwisha kutumiwa na mwenzake.

Mutie alimpata mji mdogo wa Kabati, alikokwenda kuandika ukuta wa duka la mbegu. Mbinya alikuwa msichana wa nyumba ya nyuma, akitumwa kumpelekea fundi chai. Mutie alimwambia ana SMILEAGE, yaani tabasamu linalokwenda mbali bila mafuta. Ukuta ulipokauka Mbinya alikuwa ameshafungasha nguo. Wakaja Mwingi wakaishi kamwistei, mume na mke bila mahari, na Mutie akamtumia baba mkwe salamu kwamba mbuzi watafika baada ya mavuno.

Hapa nieleze, kwa ajili ya wasiojua. Kwetu Waislamu mahari hutajwa mbele ya mashahidi, na hata kama ni ya baadaye, imetajwa na watu wameisikia. Wakamba wana mbuzi watatu wa ntheo. Mambo mengine ya mahari yanaweza kusubiri hata uzeeni, lakini hao watatu ndio wanaofunga ndoa. Wasipokwenda, mwanamke huyo bado ni wa kwao, na watoto atakaozaa ni wa kwao pia. Anaweza kukupikia miaka thelathini, na akifa ndugu zake wakaja kumchukua, ukakosa la kusema. Hili hakuna Mkamba asiyelijua, mjini au shambani, aliyeokoka au asiyeokoka.

Mutie hakuwa maskini wa kukosa mbuzi watatu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na zizi. Aliuza mbuzi, alichinja mbuzi, aliwahi hata kumpa mbuzi mwenye baa aliyeusifu ubao wake. Lakini mavuno yalipita, mvua ikapita, mtoto wa kwanza akazaliwa, naye ni Kanini. Kila mwaka uliopita uliongeza aibu ya kufika Kabati na wanyama waliochelewa, na kila aibu ilipoongezeka alipata sababu mpya ya kungoja mwaka ujao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa lake.

Mbinya alimkumbusha. Najua kwa sababu bati halizuii sauti. Alimkumbusha kwa upole, halafu kwa ukali, na mara moja kwa kilio, mama yake alipofariki na yeye akakaa msibani kama binti asiyeolewa, akisukumwa upande wa wasichana. Aliporudi kutoka mazishi yale alimwambia mumewe kitu kimoja tu: "Peleka mbuzi, Mutie. Baba asiende pia kabla hajaziona."

Siku ya soko iliyofuata ubao ulisema GOATPONE. Chini yake: kuahirisha jambo la mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wasahau.

Wafanyabiashara wa mifugo karibu waanguke kwa kicheko. Kila mmoja alimjua mtu wa kumwita hivyo. "Profesa umetuua," walisema, na Mutie akainama kidogo kama mtu aliyetunzwa. Mbinya alikuwa ameketi na ungo wake umbali wa kutema mate. Anasoma Kiingereza vizuri, alimaliza shule ya sekondari. Alilisoma neno, akaendelea kupepeta ndengu zilezile zilizokwisha kupepetwa, mpaka zikakosa hata vumbi. Sikuweza kumtazama. Nikaingia ndani, nikalia kwa hasira, nami si mtu wa kulia. Mtu kukuonea ni jambo moja. Kukuonea, kisha akakugeuza mzaha wa soko zima, ni jambo jingine.

Neno lile lilienea. Mpaka leo utalisikia Kitui yote watu wakilitumia kwa mambo ya mbuzi na yasiyo ya mbuzi.

Kanini akakua, akasoma mambo ya dawa za mifugo, akapata kazi kwenye duka la pembejeo huko Sultan Hamud. Ndiko alikokutana na Mulei, kijana mtaratibu wa familia ya kilokole, watu wa shamba wasiopenda makeke. Mwaka jana wakatuma habari kwamba wanakuja kuleta mbuzi wa ntheo.

Mbinya alinijia dukani na uso uliokunjika.

"Mama Nasreen, hawa watu wanakuja mwezi ujao."

"Si ni furaha, Mama Kanini?"

"Ni furaha gani? Atapokeaje mbuzi za mtoto na za mama yake hajapeleka? Nimemwambia apeleke za kwangu kwanza, hata kesho. Anasema siku hizi hakuna mtu anauliza hiyo mambo ya zamani. Ati hao wageni wameokoka."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nataka kukaa kwa hiyo kiti ya mama ya bibi harusi nikiwa bibi ya mtu. Hiyo tu. Sijawahi kuomba kitu ingine."

Nilikwenda kumwambia Mutie mwenyewe. Alikuwa juu ya ngazi akichora kuku mwenye miwani. "Usijali, Mama Nasreen," akasema bila kugeuka, "nimeshatunga neno la siku hiyo." Nilitamani ngazi ile iteleze.

Siku ikafika. Uwanja ulifagiliwa, hema likakodiwa, na mimi nikapika pilau kwenye sufuria zangu kubwa kwa sababu ya Mbinya, si kwa sababu nyingine yoyote. Juu ya lango Mutie alikuwa ametandaza bango la kitambaa, herufi nyekundu zenye vivuli vya buluu, upana wa lango zima: INLAWGURATION. Alivaa suti ya kijivu na kubeba kipaza sauti. Wapenzi wa ubao walikuwa wamejaa, kila mmoja amekuja kusikia Profesa atasema nini.

Wageni walifika kwa pikapu na Noah. Mbuzi watatu walishushwa, wanono, kamba mpya shingoni, wakasimamishwa nje ya lango kama desturi inavyotaka mpaka mazungumzo yaishe. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Mulei aitwaye Muthama, mzee wa kanisa, mwembamba, asiyecheka haraka. Upande wa mama alikuja Mulinge, kaka yake Mbinya kutoka Kabati, kwa kuwa mjomba lazima awepo. Alikaa pembeni, mikono kifuani, hajagusa soda.

Baada ya sala Muthama aliuliza kwa adabu, "Mwenye boma, hiyo kitu umeandika hapo kwa gate ni nini?"

Mutie alikuwa akingojea swali hilo tangu alfajiri. Akasimama. "Inlawguration, mzee wangu! Ni kuapishwa kwa wakwe. Rais anaapishwa, gavana anaapishwa, na mkwe pia anaapishwa. Shahidi ni mbuzi. Ukitoka hapa leo wewe si mgeni tena, wewe ni mkwe mwenye kiapo!"

Makofi. Vigelegele. Hata Mulei alitabasamu. Muthama naye akatikisa kichwa taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Ni neno nzuri," akasema. "Na yako ilifanywa lini?"

Mutie alifungua mdomo. Akasema jambo kuhusu ukame. Akasema jambo kuhusu maisha ya sasa, na kwamba ndoa ni moyo. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo mtaa mzima ulimsikia akitafuta.

Muthama hakumkatiza. Alingoja amalize, kisha akamgeukia Mulinge. "Nyinyi watu wa Kabati, mlikula mbuzi za huyu mama?"

"Hatujaona hata mkojo wa mbuzi," Mulinge akasema.

"Basi tumekosea nyumba," Muthama akasema bila hasira. "Mtoto ni wa kina mama yake. Mbuzi haziwezi kuingia hapa, zitakuwa zimepotea. Kabati tulipita asubuhi, tunarudi hapo." Akainuka, akawaambia vijana wawapakie mbuzi tena.

Hapo Mutie alipata miguu. Alimkimbilia binti yake, akamshika mkono. "Kanini, waambie. Ongea na wao."

"Niwaambie nini, Baba?" Kanini machozi yalikuwa yakimtoka. "Si wewe ndio uko na maneno?"

Mbinya aliinuka kutoka kiti chake cha mama wa bibi harusi, kiti alichokikalia chini ya nusu saa. Akafunga leso yake upya, akaenda akafungua mlango wa mbele wa pikapu.

"Mbinya, unaenda wapi?" Mutie akaita.

"Kwetu. Mbuzi za mtoto wangu zinaenda, mimi nabaki nikifanya nini?"

Na pilau? Pilau ilikwenda pia. Nilisema sufuria zangu haziachwi nyuma, vijana wakazipandisha kwenye Noah, nami nikapanda nazo. Tulipotoka langoni nilimwona Mutie chini ya bango lake na kipaza sauti mkononi, na wapenzi wa ubao wakiondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amekumbuka shughuli.

Babake Mbinya ni Mzee Kiilu, mkavu kama gogo, anasikia vibaya na anasema vibaya zaidi. Tulimkuta akirekebisha ua. Alielezwa, akaelezwa tena kwa sauti, kisha akaja kuwatazama mbuzi wa mjukuu wake, akawapapasa migongo.

"Hawa wametoka Sultan Hamud leo?"

"Leo asubuhi, Baba."

"Wana mbio. Wale wengine bado wanatembea?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbinya hakucheka. Mbuzi wakapokelewa, Kanini akawa mchumba wa watu, pilau ikaliwa, na jioni Noah ilipogeuka kuwapeleka wa Mwingi, Mbinya alinishika mkono dirishani akasema anabaki. Babake alikuwa amemwambia chumba chake kipo, kwa kuwa kwa sheria ya Wakamba hakuwahi kuondoka.

Ungedhani aibu ile ingemfunga mtu mdomo. Siku ya soko ubao ulikuwa na neno. LONELUNCH, chakula cha mchana cha mtu aliyeachwa na watu wake. Wawili watatu walicheka kwa mazoea. Hata huzuni yake ilibidi ipigiwe makofi! Lakini Muthoki muuza chai alisimama na birika lake, akalisoma lote mpaka chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Profesa, si upeleke tu mbuzi?"

Ikawa ndiyo salamu ya mji mzima kwa Mutie. Akiagiza rangi dukani: Profesa, si upeleke tu mbuzi? Akipanda ngazi: Profesa, si upeleke tu mbuzi? Madereva wa malori wasiojua kisa waliishika pia wakidhani ni neno jipya. Kwa hiyo ubao ukawa mtupu siku moja ya soko, na nyingine.

Alikuja dukani kwangu amekonda. "Mama Nasreen, wewe anakusikiza. Mwambie arudi."

"Nimwambie kwa neno gani, Mutie? La Kiingereza?"

Alitazama chini. Nilingoja anichekeshe kama kawaida yake, niwe na sababu ya kumfukuza. Hakunichekesha. Alisema, "Siwezi kulala kwa hiyo nyumba." Aliisema kwa sauti ya mtu yeyote tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimjibu bila kejeli: akafungue zizi lake.

Akatoa mbuzi watatu zizini mwake, wazuri, majike wawili na beberu. Lakini mbuzi wa ntheo hawapelekwi na mtu peke yake kama anayepeleka sokoni, lazima awe na watu wa kusimama naye. Aliwaendea waliomwita Profesa. Mmoja alikuwa na kesi, mmoja ana mgeni, mmoja mguu umevimba. Mwishowe waliokwenda naye Kabati ni kaka yake mmoja mgonjwa, mume wangu Mikail, na mimi niliyekuwa namdharau kwa miaka ishirini na ushee. Mwenye kutaka kujua thamani ya makofi na aiweke hiyo akilini.

Mzee Kiilu hakutukaribisha kwenye viti. Alituacha tusimame uani na mbuzi wetu, watu wa nyumba wakitoka mmoja mmoja kutazama, Mulinge mikono kifuani kama siku ile. Mbinya alikuwa chini ya bati la jikoni na ungo wake wa ndengu.

"Umeleta nini?" mzee akauliza.

Mutie akalamba midomo. "Mbuzi, Baba."

"Sisikii."

"Mbuzi!"

"Za nini?"

"Za Mbinya." Akazivuta kamba mbele. "Za ntheo. Nimechelewa."

Mzee akageukia jikoni. Desturi ni kwamba binti huulizwa. Kwa kawaida huulizwa akiwa kijana wa kuona haya, akajibu huku ameficha uso, na hakuna anayetarajia jibu ila moja. Huyu alikuwa mwanamke mzima mwenye mvi.

"Mbinya. Mbuzi za huyu mtu zimefika. Tuzile?"

Mbinya aliweka ungo chini. Alikuja akawazunguka mbuzi polepole, akamwinua beberu mdomo akamtazama meno. Akamtazama na Mutie, suti ya kijivu, viatu vyenye matone ya rangi. Niliona kwamba bado anampenda, mjinga yule, na nikaona pia kwamba hiyo haitamsaidia leo.

"Ni mbuzi nzuri," akasema. "Zifungeni hapo kando, zipewe maji. Nikiwa tayari nitasema."

"Lini, Mbinya?" Mutie akauliza.

"Baada ya mavuno."

Akarudi kwenye ungo wake. Jambo lile lina neno lake, na kila mtu pale uani alilijua, na aliyelitunga alikuwa amesimama katikati yetu na kamba tatu mkononi. Hakuna aliyelitamka. Mutie aliwafunga mbuzi pale alipoonyeshwa, akachukua ndoo, akauliza maji yako wapi.